Kikombe Kidogo cha Kagio

Nyeri, 6 Mei

Mama,

"Chupa ikipanda bei, mlevi ataamka, ajipanguse vumbi na kurudi kwa mkewe." Hayo ulisema wewe, Jumanne, katika ukumbi wa Kagio, mbele ya kamati iliyokuja kukusanya maoni kuhusu ushuru mpya wa pombe. Watu walipiga makofi. Wacera alinisomea maneno yako kutoka kwenye simu huku akikoroga uji, akasema kwa fahari, "Sikia mama yangu!" Mimi nikanyamaza, kwa sababu mtu hamjibu mama mkwe juu ya pombe mbele ya binti yake.

Kwetu mkwe ni muthoni, na neno hilo limezaliwa na thoni, yaani aibu. Mkwe ni mtu wa kuonewa haya. Siwezi kukutajia bia huku nikikutazama, wala kwa simu, maana sauti nayo ina uso. Ndiyo sababu naandika. Karatasi haina macho. Nimeifunga nikampa Wacera akuletee, na amenionya kwamba kama ndani mna matusi atayajua kwa harufu.

Basi, Mama: si kweli. Mlevi hajawahi kurudi nyumbani kwa sababu ya bei. Chupa ikimshinda, anavuka barabara, anaingia kichochoroni, anapimiwa kitu kutoka kwenye mtungi usio na jina. Chupa ya dukani ina kizibo, ina stempu ya ushuru, ina kiwanda kinachoweza kushtakiwa. Mtungi utamshtaki nani? Wakati wa mkoloni chupa ilikuwa ya Mzungu, na Mwafrika akanywa ya kujificha, akakamatwa, akafungwa, akatoka akanywa tena ya kujificha. Leo tunairudia sheria ileile, ila safari hii inasomwa na watu weusi wenye tai.

Wanaosema ushuru huu ni wa kutuokoa, waulize jambo moja: fedha zake wameshaziandika kwenye bajeti au bado? Wameshaziandika. Maana yake wanategemea tunywe. Anayengoja kukamua hamwombei ng'ombe akaukiwe.

Nisingethubutu kukuandikia kama sisi nasi tusingekuwa na mtu wetu. Sitamtaja.

Mwezi ujao kamati inakaa Nyeri. Nakuomba uje uyaondoe maneno yale. Wewe wakikusikia watatulia. Mimi wakinisikia husema nimelipwa na wenye baa. Sijalipwa. Karatasi zangu za kupinga ushuru nazichapisha kwa faida ya vitabu vikuukuu ninavyouza hapa karibu na Majengo, na unajua faida hiyo inavyokohoa.

Mkwe wako,
Ngatia


Kagio, 10 Mei

Baba Shiro,

Barua imefika. Wacera alisimama mlangoni akinitazama nikiisoma. Nikamwambia ni habari za mbegu za maharagwe.

Umeniandikia kama mtu aliye jukwaani. Mimi ni mama wa mke wako, si mbunge. Kikundi cha akina mama wa kanisa kilinichagua niseme, nikasema. Wakiuru alitunga hoja, Ngendo akazipiga chapa, na mimi nikasimama kwa sababu ndimi mwenye sauti inayofika viti vya nyuma. Wanawake hao wamezika, Ngatia. Wakiuru alimtoa mumewe mferejini akiwa amekakamaa kama gunia la mvua. Nenda umwambie yeye habari ya stempu na kiwanda.

Unasema mlevi huenda kichochoroni. Umevijulia wapi vichochoro? Vitabuni? Nyinyi watu wa kusoma, mtu husoma mpaka haoni tena mlango wa nyumba yake.

Tena umeandika kwamba "sisi nasi tuna mtu wetu". Kwangu hakuna mlevi. Kinuthia ana ugonjwa wa sukari. Ndiyo inayomtetemesha mikono, na ndiyo iliyomtoa kwenye kazi ya kupakia mchele pale sokoni. Daktari amesema. Mwaka huu mwanangu hajaonekana akiyumba barabarani hata mara moja. Uliza yeyote Kagio.

Krismasi ukija nitakupikia kama kawaida. Lakini neno hili tumelimaliza.

Magdaline


Nyeri, 13 Mei

Mama,

Hatujalimaliza. Nisamehe.

Kinuthia ni shemeji yangu na nilimwona Pasaka. Alipoamka alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili na bado kikamwagika. Baada ya muda mfupi nilimkuta nyuma ya nyumba akichonga mpini wa jembe, mkono umetulia kama wa fundi wa saa. Sukari haifanyi hivyo. Kilichofanya hivyo ni kitu alichokunywa katikati.

Na unasema kweli: haonekani barabarani. Anakula, macho yake ni meupe, anakumbuka majina ya wanangu. Wale aliokuwa akinywa nao zamani za kupakia mchele wengine wamekufa, na waliobaki wanatembea wameshika ukuta. Yeye yuko hai. Kuna mtu anamwokoa, Mama, nami simjui. Ningemjua ningemshukuru.

Anakunywa nini, na anakunywa wapi? Nakuuliza kama mtu wa nyumba hiyo, si kwa ajili ya karatasi zangu.

Ngatia


Kagio, 19 Mei

Baba Shiro,

Nimeandika nikachana, nikaandika nikachana. Hii sitaichana.

Ni mimi.

Nampa mimi. Asubuhi akiamka, kabla mikono haijaanza kuruka, na jioni kabla hajaanza kutazama lango. Nanunua chupa yenye kizibo na stempu. Siinunui Kagio, naenda mpaka Karatina, naitia kikapuni chini ya sukuma wiki. Nimemwambia muuzaji ni ya kuchua magoti. Ni mtu mwema, kila nikienda ananiuliza, "Mama, magoti yanaendeleaje?" Namwambia yanaendelea kwa neema.

Kipimo changu ndicho kinachonifanya nikose usingizi. Unajua kanisani mimi ndiye ninayetunza na kuosha vikombe vya Meza ya Bwana, vile vidogo vya glasi tunavyonywea juisi ya zabibu. Kimoja kilipasuka ukingo kikaondolewa kwenye sinia. Kingetupwa. Nilikuwa nimejaribu kijiko, nimejaribu kifuniko cha chupa, na kila mara mkono wangu ulizidisha kwa huruma. Nikakileta nyumbani. Kile kikombe hakina huruma. Kikijaa kimejaa. Kinuthia hajui kilikotoka. Mungu anajua, nasi hatujazungumza habari hiyo, mimi na Yeye.

Tangu mvua za vuli Kinuthia hajakanyaga kichochoroni. Kumkatisha ghafla naogopa. Murugi wa kikundi chetu alimfungia mwanawe chumbani ili aache, tukasimama nje ya mlango tukiimba na kuomba, na kijana akafa kwa kifafa tukiwa tunaimba.

Sasa utaniuliza kwa nini nilisimama ukumbini nikaomba chupa ipande bei, nami ndiye ninayeinunua. Waliponichagua, kama ningekataa, wangeuliza sababu. Basi nikasema kwa sauti kubwa ili nisijisikie. Ikipanda sitaiweza. Na nisipoiweza atarudi kule. Hilo nalijua kuliko wewe na vitabu vyako vyote.

Ichome karatasi hii. Hata Wacera asijue. Wewe ni muthoni wangu, na leo nimevua nguo mbele yako.

Magdaline


Kagio, 3 Juni

Shemeji,

Karatasi yako imefika huku kabla yako. Iko kwenye mlango wa kinyozi na nyingine iko duka la mbolea. Nilikuwa nimekaa kwenye foleni, kinyozi akawa anawasomea watu:

"Huko Kirinyaga yuko mama mmoja, nguzo ya kanisa, ambaye kila asubuhi humpimia mwanawe pombe halali kwa kikombe kidogo cha Meza ya Bwana, ili mwana huyo asiende kunywa sumu. Ushuru huu utamnyang'anya kikombe hicho mkononi."

Umeandika vizuri, shem. Hata mimi nilimhurumia huyo mwana, mpaka nikaona kinyozi amenyamaza na ananitazama kwenye kioo.

Sikujua kilikuwa cha kanisa. Mama alisema ni cha dawa ya kikohozi.

Sasa nikuulize, wewe uliyesoma: wanawake wanaotunza vikombe hivyo ni wangapi hapa? Jina hukutaja. Umetaja kikombe.

Akinipimia tena watasema anapima. Nisipokuwepo hakuna wa kupimiwa, na maneno yataisha. Kwa hiyo natoka. Kikombe nimekiosha, kiko dirishani. Barua hii namwachia kinyozi, atampa Wacera akija.

Usinitafute. Tena usiniandike.

Kinuthia


Kagio, 5 Juni

Ngatia,

Sikupigii simu kwa sababu ukianza kujitetea unajua kuongea, na mimi nitaanza kukusikiliza. Soma tu. Nimeambatanisha barua ya Kinuthia.

Ulinipa barua zimefungwa nikabeba kama punda. Ati mbegu za maharagwe! Nyinyi wawili mlinifanya mjinga katikati yenu, na mimi ndiye mtoto wa huyu na mke wa yule.

Jana walikuja akina mama wa kikundi: Ngendo, Wakiuru na Murugi. Niliwatolea viti, hawakukaa. Ngendo akasema, "Magdaline, tumekuja kuchukua sinia na vikombe." Mama akavileta vimefunikwa kitambaa cheupe. Ngendo akavihesabu kwa kidole kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu vifaranga baada ya mwewe kupita. Mama akasema, "Kilichopasuka kiko dirishani." Hakuna aliyekigusa. Wakiuru alianza kulia lakini akaondoka nao.

Murugi alibaki nyuma kidogo. Akamwambia Mama, "Wangu mliniambia nimfungie. Mkaniimbia. Kumbe wako unampimia?" Na pale langoni Murugi akasema kwa ile sauti ya mtu anayetaka asikike, "Kumbe kanisani tulikuwa na mama pima."

Mama pima! Unajua huyo ni nani: ni yule wa kichochoroni anayeuza chang'aa kwa kikopo. Leo tumeenda sokoni, na jina limetutangulia. Muuza nyanya akamwambia, "Mama Pima, nikupimie ngapi?" Watu wakacheka. Mama akanunua nyanya, akasema asante. Mama yangu, Ngatia. Yule ambaye hujawahi kula ukimtazama.

Kinuthia haonekani. Simu yake imezimwa, na alitoka na koti la marehemu baba. Mama hajataja jina lako hata mara moja. Ananiuliza tu kama Nyeri kumenyesha.

Niko na swali moja. Karatasi hiyo ungeiandika kama mwenye kikombe angekuwa mama yako wa kukuzaa?

Wacera


Nyeri, 7 Juni

Mama,

Sikutaja jina. Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia Wacera nilipompigia, akakata simu. Nililirudia nikiwa peke yangu na likanuka.

Niliacha jina lako, nikaacha jina la Kagio, nikaandika Kirinyaga tu, nikajiona mtu mwangalifu. Nilipofika kwenye kikombe nilijua kwamba nimepata sentensi ambayo hakuna atakayeisahau. Nilifurahi, Mama. Niliisoma kwa sauti dukani peke yangu. Sikujiuliza hata kidogo ni nani atakayeikumbuka, wala atamwita nani kwa hiyo.

Barua yako niliichoma kama ulivyoniagiza. Kabla ya kuichoma niliinakili ile sehemu. Najibu swali la Wacera hapa, kwa sababu kwake sijaweza: ningekuwa mwanao wa kuzaa nisingeandika. Nilikuficha kama mkwe anavyofichwa, kwa kugeuza uso, kisha nikafanya nilichotaka.

Kwa desturi, aliyemvunjia heshima mama mkwe huleta mbuzi. Nimempata, hana doa. Nitamleta Jumamosi.

Namtafuta Kinuthia. Nimepita nyuma ya maduka ya Majengo, nimepita Karatina, nimebisha kwenye milango ambayo kwa miaka nimekuwa nikiiandika kana kwamba naijua. Ulisema kweli, sivijui vichochoro. Mlango mmoja mwanamke aliniuliza nataka cha ngapi. Nikamwonyesha picha ya Kinuthia. Akasema, "Mzee, huku hatuangaliani sura."

Ngatia


Kagio, 13 Juni

Baba Shiro,

Kinuthia amepatikana. Aliletwa kwa bodaboda, amefungwa mgongoni mwa dereva kwa koti la baba yake ili asianguke. Alikuwa akiuliza kwa nini nyumba imejaa ukungu. Tulimkimbiza hospitali na yuko hai. Mimi hanijui mpaka niseme. Daktari haahidi kama macho yatarudi, anasema tungoje.

Wacera alikwambia kwamba nilicheka wodini, na kwamba anaogopa nimerukwa na akili. Nikueleze. Kumbe mtu aliyekunywa sumu ile ya kichochoroni, mojawapo ya dawa zake ni pombe safi. Nesi wa zamu, Beverlyne, msichana wa kule Magharibi mwenye mikono mipole, alikuja na kipimo, akampimia, akaandika saa, akaenda, akarudi tena akampimia. Nikacheka mpaka akaniuliza, "Mama, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, binti yangu, wewe pima.

Huyo Seth, mwenzako mnayepinga naye ushuru, amenipigia simu. Alizungumza kwa adabu sana. Anataka picha ya Kinuthia kitandani aipeleke kwenye kikao cha Nyeri. Akasema, "Mama, huyu ndiye ushahidi." Nikamuuliza ushahidi wa nini. Akasema wa bei.

Bei gani, Ngatia? Ushuru haujapanda. Chupa ni ileile, bei ni ileile, iko jikoni na haijaisha. Si bei iliyomtoa mwanangu nyumbani.

Mbuzi usimlete. Nitamfanya nini? Nitamwuliza habari?

Na usiniandikie tena. Ulisema karatasi haina macho. Ndiyo ubaya wake. Njoo hapa hospitali, ukae kwenye benchi, nikutazame.

Magdaline


Nyeri, 23 Juni

Kwa Mama Ngendo, Mama Wakiuru na Mama Murugi, Kagio

Akina mama,

Barua hii haitabandikwa popote. Ni nakala tatu, nimeziandika kwa mkono, moja kwa kila mmoja wenu. Magdaline ameisoma kabla yenu. Amefuta mistari kadhaa, nami sikumuuliza sababu.

Mimi ndiye niliyeandika karatasi iliyosomwa kwa kinyozi. Siri haikuwa yangu. Niliambiwa niichome, nikaichapisha. Nilijiona napigana vita na serikali, kumbe silaha niliyoshika ilikuwa mwili wa shemeji yangu na jina la mama yake.

Nilikwenda hospitali alivyoniagiza, nikakaa kwenye benchi. Mimi hapa, niliyewahi kumfokea mbunge mbele ya umati, nilikaa kama mtu aliyeshikwa na kuku wa jirani. Magdaline alinitazama. Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunitazama namna ile, maana desturi yetu inatutaka tugeuze uso, na wote wawili tumeitii. Nililia na hakugeuza. Mwishowe akasema, "Umekonda. Wacera hakupikii?" Hilo ndilo lililonimaliza.

Bado naupinga ushuru huu. Msidhani nimeokoka. Alhamisi kamati inakaa hapa Nyeri, nami nitasimama na kusema kwamba chupa halali ikimshinda maskini ataufuata mtungi, na kwamba serikali inayoiwekea dhambi bajeti haitaki dhambi iishe. Nitasema hivyo nikiwa na majina ya sheria na miaka yake, na atakayenijibu ajiandae. Lakini picha ya Kinuthia haitakuwepo, wala habari yake, wala ya mama yake. Seth ameniambia nimeutupa ushahidi bora kuliko wote. Nikamwambia ushahidi huo unanishtaki mimi.

Maana yapo mambo mawili yanayoweza kumpeleka mtu kichochoroni, nami kwa miaka nimekuwa nikiandika juu ya moja. Bei inaweza kumpeleka. Na aibu inaweza kumpeleka, tena haingoji bunge wala mswada. Ushuru huo wa pili niliutoza mimi, nanyi mkaukusanya, langoni kwa Magdaline na sokoni. Umelipwa wote na mtu mmoja ambaye sasa hajui kama ni asubuhi au jioni mpaka aulize.

Kinuthia amerudishwa nyumbani. Anaona mwanga wa mlango, haoni mlango. Kipimo bado kipo. Sasa kimeandikwa na daktari na kitapunguzwa kidogo kidogo. Magdaline ni mtu wa miaka sabini na zaidi. Juzi akimpeleka chooni waliteleza wote wawili, wakakaa pale matopeni mpaka mpita njia akawasikia. Wacera atakuwa huko, lakini ana kazi na ana watoto. Mimi nimefunga duka na nitakuwa huko kuanzia Ijumaa, na mkwe jikoni kwa mama mkwe ni kichekesho ambacho mnaruhusiwa kukicheka mpaka mchoke.

Alhamisi mtakuja Nyeri na sahihi zenu za kuunga mkono ushuru. Njooni. Tutapambana kwa hoja na sitawaonea haya. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna kazi, na siwaombi, nawadai.

Mama Ngendo, unakaa ng'ambo ya mfereji tu. Nenda asubuhi, umshike Kinuthia mkono mpaka chooni, na umngoje umrudishe.

Mama Wakiuru, nenda mchana na sufuria. Usiache chakula mlangoni ukakimbia. Keti ule nao.

Mama Murugi, wewe nenda jioni, wakati anapoanza kutetemeka. Hakuna Kagio nzima anayeijua saa hiyo kama wewe. Usiseme kitu. Kaa mbele yake, mshike mikono yote miwili, na usiiachie mpaka itulie.

Ngatia wa Wamae